Maswali ya Wasomaji: Puto na Vitu Vingine Vijazwavyo Hewa

Swali. Mhariri mheshimiwa, salamu nyingi kutoka Lamu. Tulipokuwa tukipamba ukumbi kwa harusi ya mtoto wa jirani, kijana aliyetumwa dukani aliandikiwa alete "baluni", watoto waliokuwapo wakaviita vitu vile vile "maputo", na mjomba wa bibi harusi, aliyetoka Tanga, akashikilia kwamba jina lake ni "pulizo". Wanafunzi wangu nao huniandikia "puto hii" na "maputo hizi". Naomba unieleze lipi nilifundishe, maana yake hasa ni nini, na linatumiwaje katika sentensi.
*Mwalimu wa shule ya msingi, Langoni, Lamu*

Jibu. Ahsante, mwalimu. Puto ni mfuko mwepesi wa mpira, wa kitambaa au wa plastiki nyembamba, ambao hupata umbo lake kwa kujazwa hewa au gesi na hulipoteza umbo hilo kilichomo kikitoka. Sehemu hiyo ya mwisho ya maelezo ndiyo inayolitenga puto na vitu vingine vyenye hewa ndani. Mtungi mtupu umejaa hewa, na ngoma pia imejaa hewa, lakini hakuna aviitaye maputo, kwa sababu mtungi hubaki mtungi hata ukiwa umejaa maji, ilhali puto lisilo na kitu ndani ni kipande cha mpira tu kinachokaa mfukoni.

Maneno yote matatu uliyoyasikia ukumbini yanaeleweka, na wote watatu walikuwa wakitaja kitu kimoja. Hata hivyo hayalingani kwa upana. Pulizo limetokana na kitenzi puliza, kwa njia ile ile ambayo liwaza limetupa liwazo na tuliza limetupa tulizo. Kwa hiyo linakaa vizuri mahali ambapo mtu ameweka mdomo akapuliza, kama walivyofanya watoto ukumbini, na linaanza kubana pale ambapo hakuna apulizaye. Watalii wanaopaa alfajiri juu ya mbuga ya Maasai Mara wamo ndani ya kikapu kinachoning'inia chini ya puto la hewa moto, na hewa hiyo hupashwa kwa ndimi za moto wa gesi. Kuliita chombo hicho pulizo kungemfanya msomaji adhani ni mchezo wa watoto. Baluni ni neno la mkopo ambalo midomo imelizoea, na sioni sababu ya kumkosoa muuza duka anayelitumia, ila katika insha na katika habari puto linatosheleza mahitaji yote. Ndilo ninalokushauri ulifundishe, huku ukiwaambia wanafunzi kwamba pulizo nalo ni Kiswahili safi.

Sasa upatanisho wa kisarufi. Puto limo katika ngeli ya li-ya, pamoja na jicho, jina na tunda. Tutasema puto hili, puto langu, puto jekundu, puto jepesi, puto limepasuka. Na kwa wingi maputo haya, maputo yangu, maputo mekundu, maputo mepesi, maputo yamepasuka. Makosa ya wanafunzi wako yanatokana na mazoea ya mazungumzo ya mitaani, ambamo kila kitu kisicho na uhai huelekea kusukumwa katika ngeli ya i-zi. Dawa niliyoiona ikifaa ni kulifundisha neno likiwa na kivumishi kinachobadilika waziwazi. Mtoto akizoea kusema "puto jekundu", ulimi wenyewe utakataa kusema "puto hii jekundu".

Ukitaka kuonyesha utajiri wa lugha darasani, waulize wanafunzi puto hufanya nini. Hupulizwa au hujazwa, kisha hufungwa kwa uzi, likijaa hutuna, likikaa muda mrefu hunywea, likichomwa hupasuka kwa kishindo, na likiwa na tundu dogo huvuja polepole. Kitenzi nywea ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hiyo, kwa kuwa kinataja hali ambayo ni vigumu kuieleza kwa neno jingine moja: puto halijapasuka, halijatoboka mahali panapoonekana, lakini ngozi yake imelegea, limepungua, na juu yake pameanza mikunjo midogo. Wale waliopamba kwa maputo ya gesi ya heli wataikumbuka hali hiyo, kwani heli hupenya katika ngozi ya mpira upesi kuliko hewa ya kawaida, na puto lililokuwa limegusa dari usiku wa harusi huonekana asubuhi yake likikokota uzi wake sakafuni. Na kwa kuwa wapo siku hizi wanaoyaachia maputo hayo yapae wakati wa sherehe za ufukweni, naomba niseme kwa uzito kwamba mpira ule hurudi chini vipande vipande, mara nyingi baharini, na kasa huumeza akidhani ni yavuyavu. Hapa kwetu, ambako kasa hutaga mayai tangu Kiunga mpaka Watamu, puto lifungwe na libaki ukumbini.

Kutuna, kuvimba, kufura na kuumuka ni vitenzi vinavyokaribiana bila kuwa sawa, na jikoni ndiko mahali pazuri pa kuvitofautisha. Unga wa mahamri ukishakandwa ukafunikwa, huumuka, maana yake huongezeka kwa sababu ya hamira inayofanya kazi ndani yake. Hamri likitiwa katika mafuta ya moto hufura: upande wa juu huinuka, mvuke uliomo hutanua tumbo lake, na ukilipasua unakuta uwazi mtupu kati ya ngozi mbili. Mguu uliogongwa huvimba. Tanga la jahazi likipata upepo hutuna, na mpiga zumari naye hutunisha mashavu yake ili sauti isikatike anapovuta pumzi puani. Puto laweza kuvimba na laweza kutuna. Nikisema limevimba nimetaja ukubwa wake tu, na nikisema limetuna nimetaja pia ule mkazo wa ngozi iliyovutika.

Swali. Mheshimiwa Mhariri, babu yangu alifanya kazi katika kituo cha Waitaliano cha San Marco. Husimulia juu ya roketi zilizorushwa kutoka majukwaani baharini, na husimulia pia juu ya "maputo makubwa meupe" yaliyopanda mpaka yasionekane. Wenzangu wananibishia kwamba puto ni kitu cha watoto na kwamba babu alikuwa na maana ya roketi au setilaiti. Nani mwenye haki?
*Kijana wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi*

Jibu. Mwenye haki ni babu yako, nawe umshike vizuri akusimulie zaidi, kwa sababu alitofautisha vitu vitatu ambavyo wenzako wamevichanganya. Roketi hujisukuma kwa moto wake yenyewe. Setilaiti ni chombo kinachobebwa na roketi na kuachwa kikiizunguka dunia; moja kati ya zile zilizorushwa kutoka Ngomeni iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru, na kazi yake ilikuwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Puto la namna anayoisimulia babu yako halina moto wala halifiki huko juu. Hupanda kwa sababu gesi iliyomo, heli au haidrojeni, ni nyepesi kuliko hewa inayolizunguka. Lita moja ya heli yaweza kuinua uzito wa gramu moja hivi, kwa hiyo puto linalobeba vifaa lazima liwe kubwa.

Maputo hayo nayo yanajulikana katika kumbukumbu za sayansi. Kuanzia mwaka 1999, na kwa miaka kadhaa baadaye, Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyorusha maputo ya kupima ozoni, katika mpango wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa kuichunguza gesi hiyo juu ya nchi za tropiki. Puto la namna hiyo hubeba kisanduku kidogo chenye vipimo, na kisanduku hutuma habari ardhini kwa redio muda wote kinapopanda. Likiachiwa chini huwa na upana wa mita mbili hivi, na hupanda kiasi cha mita 5 kwa sekunde, hata kwa muda wa saa moja na nusu hivi hufikia kimo cha kilomita 30. Huko juu kanieneo ya hewa ni kama sehemu moja tu kwa mia ya ile tuliyonayo ufukweni, basi gesi iliyomo hutanuka, puto likazidi kutuna mpaka upana wake ukawa mara kadhaa ya ule wa mwanzo, na mwisho mpira hushindwa ukapasuka. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nayo hurusha maputo ya kupima joto, unyevu na pepo za juu kutoka Dagoretti, Nairobi.

Kuhusu dai kwamba puto ni la watoto, mpangilio wa historia ni kinyume chake. Watu waliruka Paris kwa puto lililotengenezwa na ndugu Montgolfier tarehe 21 Novemba 1783, nalo puto dogo la mpira lilikuja baadaye, mwaka 1824, Michael Faraday alipoviunganisha vipande viwili vya mpira ili apate mfuko wa kuwekea gesi katika majaribio yake. Na kama wenzako wanataka mfano wa karibu zaidi, waulize kuhusu Julai 2020, maputo ya kampuni ya Loon yalipoanza kutumika kusambaza intaneti katika sehemu za magharibi na kati ya Kenya, yakielea kiasi cha kilomita 20 juu ya ardhi. Mradi ule ulifungwa mwaka uliofuata.

Swali. Je, mji wa Maputo huko Msumbiji ulipewa jina hilo kwa sababu ya maputo?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Malindi*

Jibu. Hapana, mwanangu. Mji huo uliitwa Lourenço Marques wakati wa Wareno, na mwaka 1976, baada ya uhuru wa Msumbiji, ukapewa jina Maputo kutokana na mto wa huko. Maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu. Katika maandishi herufi kubwa itakusaidia, na upatanisho pia: "maputo yamejaa hewa", lakini "Maputo umejaa watu", kwa kuwa ni mji.

Swali. Mhariri, baba yetu ana maradhi ya moyo. Daktari huko Mombasa alitueleza kwamba mshipa mmoja umeziba na kwamba "utatanuliwa kwa puto". Mama amekuwa na hofu tangu siku hiyo, kwa kuwa anafikiri baba atajazwa hewa mwilini. Neno hili lilitumiwa kwa maana yake halisi au ni namna ya kusema tu?
*Binti wa Shela, Lamu*

Jibu. Tunamwombea mzee afya, binti yetu, na mama umtulize moyo kwa maelezo haya. Neno lilitumiwa kwa maana yake halisi. Puto la matibabu hayo ni dogo na refu, jembamba sana likiwa limenywea, na limezunguka ncha ya mpira mwembamba ambao daktari huupitisha katika mshipa wa mkononi au wa pajani mpaka ufike moyoni, huku akiutazama kwa picha za eksirei. Likifika mahali palipoziba hujazwa, likasukuma kando mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa. Kisha hunyweshwa na kutolewa. Mara nyingi mahali hapo huachwa bomba dogo la wavu wa chuma, liitwalo stenti, ili mshipa usizibe tena. Daktari wa kwanza kulitumia puto katika mishipa ya moyo wa mtu aliye macho alikuwa Andreas Grüntzig, mjini Zurich, Septemba 1977.

Mama ana hofu ya hewa, na katika jambo hilo moja ana sababu nzuri, kwani hewa ndani ya mishipa ya damu ni hatari. Ndiyo maana puto hilo hujazwa kimiminika, ambacho pia huonekana katika picha. Msomaji wa Langoni atatambua kwamba maelezo yangu ya kwanza yanapaswa kupanuliwa kidogo: kinacholifanya puto kuwa puto ni kujazwa kwake, na hewa ni kitu cha kawaida tu cha kulijaza. Maswali yaliyobaki, hasa ya dawa na ya siku za kupumzika, mwulizeni daktari wake bila kuona haya.

Swali. Sisi wavuvi tuna maboya, tuna vyelezo, na tuna samaki bunju ambaye hufura akikamatwa. Mwanangu amesoma shuleni kwamba samaki wana "puto" tumboni. Je, hivi vyote ni jamaa moja?
*Mvuvi, Matondoni*

Jibu. Mzee wangu, jamaa wanafanana bila kuwa ndugu. Boya, neno tulilolipata kwa Wareno, huitwa hivyo kwa kazi yake ya kuelea na kuonyesha mahali, au kuubeba wavu usizame. Laweza kuwa plastiki yenye hewa, laweza kuwa gamba la mti jepesi, laweza kuwa dumu kuukuu lililofungwa kizibo, na lote ni boya. Chelezo nalo limetokana na kuelea, nalo ni neno la zamani linalostahili kubaki midomoni mwenu. Puto laweza kutumiwa kama boya, lakini boya haliwi puto kwa kuwa lina hewa. Ndivyo ilivyo hata kwa jaketi za kuokolea maisha wanazovaa abiria wa kutoka Mokowe kwenda Lamu. Nyingi zimetiwa vipande vya sponji isiyonywa maji, hazina mfuko wa hewa hata kidogo.

Alichokisoma mwanao ni kibofu cha hewa. Samaki wengi wa mifupa wanacho, nao hukiongezea au hukipunguzia gesi ili wakae kwenye kina wanachokitaka bila kuchoka kwa kuogelea. Papa na taa hawana. Nimesema kibofu kwa sababu neno hilo hutumika kwa mifuko ya mwilini, kama kibofu cha mkojo, nalo lilikwenda mpaka kwenye mfuko wa ndani wa mpira wa miguu. Katika Ziwa Victoria vibofu vya sangara huitwa mabondo, na vina soko kubwa ng'ambo.

Bunju ni jambo jingine kabisa. Akitishwa humeza maji mengi upesi, tumbo lake likatanuka mpaka akawa duara lisilomezeka, na akitolewa majini humeza hewa badala yake. Hapo ndipo mnamwona akifura ndani ya mashua. Kwa hiyo kinachojaa ni tumbo, kibofu hakihusiki. Na kwa kuwa umemtaja, naomba nawe uwakumbushe vijana chomboni kwamba sumu yake, iliyo nyingi zaidi katika ini na mayai, haimalizwi kwa moto wa kupikia, na hospitali haina dawa ya kuitengua. Arudishwe baharini.

Swali. Mimi ni fundi wa baiskeli na tuktuk. Kibao changu kimeandikwa "Tunatia upepo". Mteja mmoja kijana aliniambia kwamba hilo ni kosa, niandike "hewa", kwa kuwa upepo ni ule unaovuma nje. Nibadilishe?
*Fundi, Malindi*

Jibu. Usibadilishe, fundi. Kijana amechukua maana ya kwanza ya neno akaifanya kuwa ya pekee. Katika Kiswahili upepo ni hewa iliyo katika mwendo, na pia ni hewa iliyosukumizwa kwa nguvu ndani ya kitu. Ndiyo maana twasema tairi imejaa upepo, tairi haina upepo, nitilie upepo gurudumu la nyuma, na mtu aliyesifiwa mpaka akajiona mkubwa kuliko wenzake huambiwa amejaa upepo. Hewa hutajwa zaidi tunapozungumzia kile tunachokivuta puani, au kitu chenyewe kama anavyokichunguza mwanasayansi. Ukiandika "Tunajaza hewa" utaeleweka, ila mwendesha tuktuk mwenye pancha atakuuliza upepo.

Tyubu, kwa upande wake, iko karibu sana na puto: ina ngozi ya mpira, hutuna, hunywea, hutoboka, na umbo lake hutegemea kilichomo. Kinachoitenga ni kwamba haifanyi kazi peke yake. Imefungiwa ndani ya tairi, na kazi yake ni kubeba uzito, jambo lililowezekana kwa wapanda baiskeli tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza magurudumu ya upepo mjini Belfast mwaka 1888. Zile tyubu kuukuu za lori ambazo watoto hukuomba waogelee nazo, ukizitia kiraka na upepo wa kutosha, wakiwa nazo majini ziite maboya.